Maswali na Majibu: Kitanda cha Mgonjwa Kinachopanda na Kushuka kwa Gharama Nafuu

Barua zilizotufikia baada ya makala yetu kuhusu vifaa vya wodi zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, kitanda cha hospitali kinachopandishwa na kushushwa kinaweza kutengenezwa kwa gharama ambayo hospitali ndogo inaimudu, bila kumhatarisha mgonjwa? Nimechagua barua sita ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi, na nimezifupisha bila kubadilisha maana.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Vitanda vyetu vyote vina kimo kimoja, nasi huinama zamu nzima tunapowageuza wagonjwa, kuwaosha na kuwatandikia. Wenzangu wawili wana maumivu ya mgongo yasiyoisha. Uongozi unasema kitanda cha kupanda na kushuka ni anasa. Niwajibu nini?

JIBU: Ndugu muuguzi, waeleze kwamba kitanda cha kimo kimoja kina kasoro isiyoondolewa kwa kuchagua kimo kingine, kwa sababu watu wawili wanaokitumia wanahitaji vimo vinavyopingana. Mgonjwa anayetaka kuketi ukingoni na kusimama mwenyewe anahitaji nyayo zake zikanyage sakafu barabara, na kwa watu wazima walio wengi hilo hupatikana godoro likiwa kati ya sentimita 40 na 50 kutoka sakafuni. Anayemhudumia anahitaji godoro lifike karibu na kiuno chake, yaani sentimita 75 hadi 90. Ukichagua sentimita 60 ili kuwaridhisha wote wawili, mgonjwa mfupi ataning'iniza miguu na wewe utaendelea kuinama.

Hesabu ya mgongo ni rahisi kuieleza hata mbele ya mhasibu. Kwa mtu wa kilo 65, sehemu ya mwili iliyo juu ya nyonga ina uzito wa kilo 40 hivi. Anapoinama sana, kitovu cha uzito huo husogea mbele ya uti wa mgongo kwa sentimita 25 au zaidi, ilhali misuli inayomzuia asianguke imeshikilia sentimita 5 tu nyuma ya kiungo. Misuli hiyo basi inavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200, na hapo bado hajamgusa mgonjwa. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa taasisi ya usalama kazini ya Marekani iitwayo NIOSH, alipendekeza kwamba mhudumu asibebe kwa mikono zaidi ya paundi 35 za uzito wa mgonjwa, yaani kama kilo 16, na hapo ni katika mazingira mazuri ya kazi. Mguu mmoja wa mgonjwa mwenye mwili mkubwa unakaribia kiasi hicho.

Kati ya mambo yote yanayofanywa na kitanda cha kisasa, kubadilisha kimo ndilo ningelilipia kwanza. La pili ni kuinua sehemu ya mgongo, jambo ambalo daktari mpasuaji wa Marekani, Willis Gatch, alilipatia njia mwaka 1909, na ambalo karakana yoyote yenye skrubu na bawaba inaliweza. Mengine yote yanaweza kusubiri.

SWALI: Nina karakana ya kuchomelea vyuma na hospitali ya jirani imeniomba nibuni kitanda cha namna hii. Nimefikiria jeki ya mafuta, nimefikiria mkasi kama wa meza za kuinulia mizigo, na nimefikiria skrubu ya kuzungusha kwa mkono. Ipi ni bora kwa bei na kwa uimara?

JIBU: Ndugu fundi, swali lako ndilo moyo wa jambo lenyewe, kwa hiyo utaniwia radhi nikilijibu kwa urefu.

Anza na mzigo kabla ya mtambo. Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya wagonjwa, IEC 60601-2-52, kinamhesabu mgonjwa wa kilo 135 na godoro la kilo 20. Ongeza kilo 15 za vifaa vinavyoning'inizwa kitandani, kisha ongeza fremu ya juu yenyewe, ambayo kwa mabomba ya chuma ya mraba haitapungua sana chini ya kilo 60. Unainua kilo 230. Ukiziinua kwa sentimita 39 umefanya kazi ya jouli 880 hivi, na hakuna mtambo utakaokupunguzia kiasi hicho. Utakachochagua ni namna ya kukigawanya na kiasi utakachopoteza kwa msuguano.

Jeki ya mafuta inavutia kwa sababu ni rahisi kuipata, tena muuguzi huikanyaga kwa mguu huku mikono yake ikiwa huru. Nimeona hata hivyo vitanda vya namna hiyo vikishuka polepole usiku kucha kwa sababu raba inayozuia mafuta imechakaa, na mafuta yakitona kwenye sakafu ya wodi yanaleta hatari nyingine ya kuteleza. Raba hizo zina vipimo maalumu, na zikikosekana kitanda kizima kinakufa kwa kukosa kipuri kidogo. Ningeitumia jeki pale tu ambapo hospitali ina uhakika wa vipuri na ina fundi anayekagua kila mwezi.

Mkasi ni imara na hupanda wima, lakini una tabia ambayo wengi huigundua baada ya kuchomelea. Ukiuendesha kwa kuvuta ncha za chini zikaribiane, nguvu inayohitajika hulingana na uzito mikono ya mkasi ikiwa imesimama kwa nyuzi 45. Ikilala hadi nyuzi 15 nguvu hiyo inakuwa karibu mara 3.7 ya uzito, na kwa nyuzi 10 inakuwa mara 5.7. Ukitaka kitanda kishuke chini sana, ambako mgonjwa anakuhitaji ukifikishe, ndiko mkasi unakodai nguvu kubwa kupita kiasi, na pini zake ndizo zitakazolipa.

Mimi ningechagua msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana hubaki sambamba, wenye mikono minne, unaoendeshwa na skrubu moja. Chukua mikono ya sentimita 45, miwili kichwani na miwili miguuni, iliyoungwa kwa bawaba kwenye fremu ya chini na ya juu. Ikiinuka kutoka kulala kabisa hadi nyuzi 60, kitanda kinapanda sentimita 39; godoro likianzia sentimita 45 linafika 84, na muuguzi amepata kimo chake. Kwenye mhimili unaounganisha mikono miwili ya kichwani, au ile miwili ya miguuni, chomelea wenzo wa sentimita 15 ambao skrubu itauvuta. Nguvu kubwa kabisa itakuwa karibu mara tatu ya uzito, kama kilo 690, nayo haiongezeki bila kikomo kama ya mkasi. Mhimili huo uwe bomba nene la mviringo, kwa kuwa ndio unaozuia upande wa kulia usipande kabla ya wa kushoto pale mgonjwa anapoketi ukingoni.

Kasoro ya msambamba ni kwamba kitanda kikipanda husogea pia kwa mlalo, na kwa vipimo hivi kinasogea sentimita 22 na nusu. Kielekeze kisogee kutoka ukutani, si kuelekea ukutani, na urefu wa fremu ya chini uhesabiwe ili uzito ubaki ndani ya magurudumu katika vimo vyote.

Sasa skrubu. Tumia yenye meno ya trapezi, kipenyo cha milimita 20 na hatua, yaani nafasi kutoka jino hadi jino, ya milimita 4. Ufanisi wake ni mdogo, kama asilimia 31 ikiwa imepakwa grisi vizuri, lakini upungufu huo ndio usalama wako: mlalo wa meno yake ni kama nyuzi 4, ilhali msuguano unaweza kuzuia mlalo wa nyuzi 8 hivi, kwa hiyo ukiachia mkono wa kuzungushia kitanda kinabaki pale pale bila breki wala kufuli. Fundi atakayekushauri utumie skrubu ya njia mbili, yenye kusogea milimita 8 kwa mzunguko, ili kazi iende haraka, mkatalie. Hapo mlalo na msuguano vinakaribiana mno, na mtikisiko wa kawaida unaweza kukishusha kitanda mgonjwa akiwa juu yake.

Kwa mkono wa kuzungushia wenye urefu wa sentimita 20, muuguzi atasukuma kwa nguvu ya kilo 7 hivi pale kazi inapokuwa nzito zaidi, na safari nzima itachukua mizunguko 37 au 38. Nayasema haya wazi kwa sababu ni mengi. Kitanda kinachochosha kupandishwa kitaachwa chini na migongo itaendelea kuumia, kwa hiyo usibane matumizi kwenye beringi inayopokea msukumo wa skrubu, kwani hapo ndipo wepesi wa kazi unapopatikana au kupotea.

Mambo mawili ya mwisho. Panga skrubu ivutwe, isigandamizwe; chuma chembamba kirefu kikigandamizwa hupinda ghafla, lakini kikivutwa hunyooka. Tena nati ya kazi iwe ya bronzi, na nyuma yake uweke nati ya pili ya chuma isiyobeba mzigo, ukiacha nafasi ya milimita moja kati yao. Meno ya bronzi yakilika, nafasi hiyo hupungua. Anayekagua huingiza kipande cha bati chembamba. Kisipoingia, nati inabadilishwa siku hiyo hiyo, na kama hakuna aliyekagua, nati ya chuma itaubeba mzigo badala ya kitanda kuporomoka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi na mradi wangu wa mwisho ni kitanda hiki. Mwalimu anataka nipunguze gharama kwa nusu. Nipunguze wapi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, punguza kazi ambazo kitanda kinafanya, usipunguze unene wa kile kinachobeba. Achana na mlalo wa kichwa chini na miguu juu, achana na sehemu ya magoti kama wodi si ya upasuaji, achana na mapambo ya plastiki kichwani na miguuni. Tumia bomba la ukubwa mmoja au mawili katika fremu nzima, ili karakana inunue kwa wingi na kutupa vipande vichache. Pini zote za bawaba ziwe za kipenyo kimoja na urefu mmoja, na bushi zake zitoke nje kwa nyundo bila kukata chuma. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ya mwisho inaokoa fedha nyingi kuliko nyingine zote katika maisha ya kitanda, ingawa haionekani kwenye bei ya siku ya kwanza.

Usipunguze kwenye magurudumu. Yenye kipenyo cha milimita 125 huvuka kizingiti na nyaya bila kumrusha mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Madogo kuliko hayo hukwama. Usipunguze kwenye rangi pia, kwa sababu chuma kinachosafishwa kwa dawa ya klorini kila siku hushika kutu kwenye viungo vilivyochomelewa, na kutu ikishaingia ndani ya bomba huioni. Ziba ncha zote za mabomba kwa kuchomelea, kisha tumia rangi ya unga inayookwa.

Kabla ya kuchora lolote, nenda wodini. Uingereza katika miaka ya 1960, hospitali zilikuwa zikinunua vitanda vya aina nyingi mno visivyofanana, na mfuko wa hisani uitwao King's Fund ukawapa Bruce Archer na wenzake wa chuo cha Royal College of Art, London, kazi ya kubuni kitanda kimoja cha kufaa wote. Waliwahoji wauguzi, wakachunguza kazi zinazofanyika kando ya kitanda, wakatengeneza vielelezo na kuvijaribu katika wodi ya hospitali ya Chase Farm. Maelezo ya kiufundi yalichapishwa mwaka 1967, na kitanda kilichotokana nayo kilitumika kwa miongo mingi. Unafuu wake ulitokana na kukubaliana juu ya vipimo, kwa kuwa viwanda vingi viliweza kutengeneza kitu kile kile. Mwalimu wako akitaka punguzo la nusu, mwoneshe kwanza ni vipande vingapi katika mchoro wako vinaweza kuwa kipande kile kile.

SWALI: Je, haifai kuweka mota ya umeme tangu mwanzo, maana bei zake zimeshuka?

JIBU: Inafaa mahali penye umeme wa uhakika na fundi wa kuihudumia. Mota za vitanda huwa za volti 24, na nyingi hutoa msukumo wa nyutoni 6,000, yaani kama kilo 610, kwa hiyo katika mpangilio niliomweleza fundi mota moja haitoshi; inahitajika moja kila upande, au wenzo mrefu zaidi. Zina pia kikomo cha kufanya kazi ambacho watumiaji husahau: kwa kawaida dakika 2 kati ya kila 20, la sivyo huungua. Sanduku la umeme liwe na kinga dhidi ya maji yanayorushwa, kwa sababu vitanda huoshwa.

Ushauri wangu ni kutengeneza cha mkono leo, huku pini na umbali kati ya ncha mbili za skrubu vikilingana na vya mota inayopatikana sokoni. Hospitali ikipata uwezo, itatoa skrubu na kupachika mota bila kukata fremu.

SWALI: Namuuguza mama yangu nyumbani baada ya kupooza upande mmoja. Nimeshauriwa niinue kitanda chake kwa matofali ili nisiumie mgongo. Je, ni salama?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, na Mungu amjalie mama nafuu. Matofali matupu usiyatumie, kwa sababu mguu wa kitanda huteleza mnapomgeuza, na ukiteleza mguu mmoja kitanda chote huinama. Mwombe seremala atengeneze vipande vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kikiwa na shimo la kina cha sentimita 4 au 5 ambamo mguu wa kitanda unazama na kukaa.

Jiulize pia kama mama ameanza kujaribu kusimama. Kama bado, kitanda cha juu kinakufaa wewe bila kumdhuru yeye, mradi asiachwe peke yake ukingoni. Akianza mazoezi ya kusimama, kirudishe chini hadi nyayo zake zikanyage, hata kama wewe utalazimika kupiga goti juu ya mto unapomhudumia.

SWALI: Kitanda changu cha kwanza kimekamilika, na nimekiwekea vizuizi vya pembeni. Nikijaribu vipi kabla mgonjwa hajalala?

JIBU: Anza na vizuizi hivyo, maana huua. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipokea taarifa 803 za wagonjwa waliobanwa au kunaswa kwenye vitanda vyenye vizuizi kati ya mwaka 1985 na 2009, na 480 kati yao walifariki. Wengi wa wanaonaswa ni wazee dhaifu au waliochanganyikiwa. Mwongozo wa mamlaka hiyo wa mwaka 2006 unataka nafasi kati ya fito za kizuizi, na ile iliyo kati ya kizuizi na godoro, iwe chini ya milimita 120 ili kichwa kisipenye. Pima godoro likiwa limelaliwa, kwa kuwa likibonyea nafasi hupanuka. Pima tena sehemu ya mgongo ikiwa imeinuliwa.

Kisha tafuta mahali ambapo vidole na nyayo vinaweza kubanwa kitanda kinaposhuka. Nafasi inayopungua chini ya milimita 25 huponda kidole, na kwa unyayo hesabu milimita 120. Mtu akisimama kando anapozungusha, mguu wake huwa chini ya fremu ya juu mara nyingi kuliko unavyodhani. Mkono wa kuzungushia nao ukunjwe ndani usipotumika, kwa kuwa ukiachwa nje hugonga miundi ya kila apitaye. Weka pia pini dhaifu itakayokatika mtu akiendelea kuzungusha kitanda kikiwa kimefika mwisho, ili ikatike hiyo, si skrubu.

Kwa uzito, pandisha kitanda hadi juu kabisa na uweke mifuko ya mchanga ya kilo 340, mara mbili ya kilo 170 za mgonjwa, godoro na vifaa, mingi ikiwa upande wa kiwiliwili. Iache usiku kucha. Pima kimo jioni na asubuhi katika pembe zote nne. Tofauti yoyote inayoonekana kwenye futi ya kupimia ina sababu, na sababu hiyo ipatikane. Ondoa mifuko, uweke kilo 135 ukingoni tu, na utazame kama gurudumu la upande wa pili linanyanyuka. Baada ya hapo kipandishe na kukishusha kikiwa na mzigo wa kawaida mara nyingi kadiri uwezavyo. Kitanda kinachobadilishwa kimo mara 4 kwa siku hufikisha safari 14,600 katika miaka 10, kwa hiyo safari mia moja za karakana hazithibitishi uchakavu. Funga mota ya muda kwenye skrubu, kwa mapumziko ya kupoza nati, ikufanyie kazi hiyo kwa wiki kadhaa huku ukipima nafasi ile ya milimita moja.

Kitanda cha hospitali ni kifaa tiba, kwa hiyo matokeo ya majaribio yote yaandikwe na kupelekwa pamoja na michoro kwa mamlaka ya nchi yako inayosimamia vifaa hivyo kabla ya kukikabidhi. Bamba la chuma lenye uzito wa juu unaoruhusiwa, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya ukaguzi wa nati lipigiliwe kwa ribiti upande wa miguuni, mahali ambapo muuguzi anasimama anapozungusha.